Kabla ya Sheria Kuna Kiwango: Haki Zako Ndani ya Simu na Intaneti

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, simu za watu wengi nchini Tanzania zilikatika mtandao kwa mpigo. Betri zilikuwa na chaji, laini zilikuwa na salio, na minara ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetangaza mapema kwamba simu bandia zitafungiwa, na siku ilipowadia kampuni za simu zikazifungia. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya simu. Kilichofanya kazi hiyo ni namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, ambayo simu huitaja kila mtandao unapoiuliza.

Bonyeza *#06# kwenye simu yako na utaiona. Tarakimu 8 za mwanzo zinaeleza aina na toleo la simu, 6 zinazofuata ni za simu yako peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zile nyingine hazikukosewa. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Moja ya faida za namba hii ni kwamba simu iliyoibwa inaweza kufungiwa hata mwizi akibadilisha laini, na hilo ni jambo jema. Ila namba ikishakuwemo katika kila simu duniani, humtumikia yeyote mwenye amri juu ya mtandao: polisi anayemsaka mwizi, mamlaka inayopambana na simu bandia, au mtu anayetaka kujua simu fulani ilikuwa mtaa gani siku ya maandamano, hata kama mwenyewe alishatupa laini ya zamani.

IMEI ni sehemu ya kiwango cha kiufundi, yaani makubaliano ya wahandisi kuhusu namna mashine zinavyozungumza. Simu iliyonunuliwa Kariakoo inashika mtandao Muscat, na barua pepe iliyoandikwa Bukavu inasomeka Toronto, kwa sababu watengenezaji wote wamefuata makubaliano yaleyale. Sheria ya nchi hupita bungeni, huchapishwa, na raia anaweza kuipinga mahakamani. Kiwango hakipiti njia hiyo. Kinakufikia kikiwa tayari ndani ya kifaa ulichonunua. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Katiba ya Kenya zinalinda faragha ya mawasiliano, lakini pale kiwango kilipoyaacha mawasiliano wazi, ibara hizo zinakuja wakati siri imeshatoka. Ndiyo maana kila mwenye simu anapaswa kujua simu yake inasema nini, kwa nani, ni kipi anaweza kukibadilisha mwenyewe leo, na ni kipi kinaamuliwa kwingine.

Tuanze na 2G, teknolojia iliyozifikisha simu za mkononi vijijini kwetu na ambayo mpaka sasa inawabeba watu wengi wenye simu za vitufe. Kiwango chake, GSM, kilianza kuandaliwa Ulaya mwaka 1982, na mtandao wa kwanza ukawashwa Finland mwaka 1991. Waandalizi walijua kwamba sauti inayopita hewani inaweza kunaswa, kwa hiyo waliweka njia ya kuisimba, yaani kuivuruga kwa hesabu ili aisikie mwenye ufunguo peke yake. Swali likawa ufunguo uwe na nguvu kiasi gani. Jan Arild Audestad, mhandisi wa Norway aliyeshiriki kazi hiyo, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba pendekezo la mwanzo lilikuwa ufunguo wa biti 128 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), na kwamba Waingereza ndio walioshinikiza upunguzwe. Kila biti moja inayoondolewa hupunguza kazi ya mvunjaji kwa nusu. Ufunguo uliotumika hatimaye ulikuwa wa biti 64, na katika hizo 10 ziliwekwa sifuri. Zikabaki 54.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora, iliyopewa jina A5/1. Ikaundwa pia nyingine, A5/2, iliyodhoofishwa zaidi kwa makusudi, kwa ajili ya kuuzwa nje ya Ulaya. Tafakari maana yake: watu waliokaa kwenye chumba cha mkutano Ulaya waliamua kwamba mazungumzo ya watu wa mabara mengine yalindwe kidogo kuliko ya kwao. Hakuna bunge la Afrika lililoulizwa, na hakuna mteja aliyeona habari hiyo kwenye boksi la simu. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba A5/2 inavunjika kwa kompyuta ya kawaida. Desemba 2009, mtaalamu wa Ujerumani Karsten Nohl alionyesha hadharani mjini Berlin kwamba hata A5/1 inaweza kuvunjwa kwa vifaa ambavyo mtu binafsi anaweza kuvimudu.

Kasoro ya pili ya 2G ni kubwa zaidi. Simu inapoingia kwenye mtandao hutakiwa kuthibitisha kwamba laini yake ni halali, lakini mnara hautakiwi kuthibitisha chochote kwa simu. Mtu mwenye kifaa cha kujifanya mnara anaweza kukaa jirani na umati, na simu zikajisajili kwake zikimtajia namba za laini na za vifaa. Anaweza pia kuiamuru simu isisimbe kabisa, nayo ikatii. Viwango vya 3G vilirekebisha jambo hilo kwa kuulazimisha mtandao nao ujithibitishe, lakini simu yako ya kisasa bado inakubali 2G, na kifaa kile kinaweza kuishusha hadi huko.

Waandishi wa viwango walifikiria hata hili: simu imwonyeshe mtumiaji alama pale mawasiliano yasipokuwa yamesimbwa. Hilo limeandikwa. Lakini imeandikwa pia kwamba kampuni ya simu inaweza kuizima alama hiyo kupitia mpangilio mdogo uliomo ndani ya laini. Kwa hiyo haki ya kujua kama unasikilizwa ilikuwepo kwenye karatasi, na kifungu kimoja baadaye ikawekwa mikononi mwa mtu mwingine. Kwangu mimi huu ndio mfano unaofundisha kuliko yote, kwa sababu hauna njama yoyote. Ni chaguo dogo la kiufundi lililoonekana la kawaida siku lilipopitishwa.

Sasa lilete nyumbani. Mtu wa Morogoro akipiga *150*00# kutuma pesa kwa M-Pesa, namba ya siri anayoiandika kwenye menyu ile inalindwa njiani na usimbaji wa mtandao wa simu tu. Akiwa kwenye 2G, ulinzi wake ni ule niliousimulia. Programu ya simu janja ya huduma hiyohiyo huongeza usimbaji wake wenyewe kati ya simu na seva, kwa hiyo mwenye simu janja na bando afadhali atumie programu. Sisemi haya ili watu waogope kutuma pesa. Wezi wengi wa pesa za simu hawavunji hesabu yoyote. Wanampigia mtu wakajifanya wahudumu na kumwomba namba ya siri. Lakini mwandishi wa habari, mwanasheria, au mtu anayewasaidia waliokimbia kwao ana adui mwenye uwezo mkubwa kuliko tapeli, na kwake 2G ni mlango usio na komeo.

Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12 zina sehemu ya kuzima 2G, kwenye mipangilio ya mtandao wa simu chini ya laini husika. Kwenye iPhone, hali maalumu ya kujifungia dhidi ya mashambulizi huizima pia katika matoleo mapya. Kabla ya kuizima, angalia unaishi wapi: kama kijijini kwenu mnara ni wa 2G peke yake, utakosa mtandao. Simu za dharura za Android hubaki zikiruhusiwa. Na kama akaunti yako ya barua pepe au ya mitandao ya kijamii inalindwa kwa namba inayokuja kwa SMS, hamia kwenye programu inayotoa namba za tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Kiwango chake kilichapishwa mwaka 2011, kiko wazi kwa yeyote kukitumia, na programu hiyo hutoa namba bila bando wala mtandao. SMS inasomeka kwa kampuni ya simu, na inaweza kuelekezwa kwenye laini nyingine. Tena inaweza kusimamishwa: siku chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2020, TCRA iliagiza kampuni za simu zisitishe kwa muda huduma ya kutuma ujumbe kwa wingi.

Upande wa intaneti yenyewe historia ilikwenda tofauti, na tofauti hiyo ilitokana na nani alikuwa mezani. Viwango vingi vya intaneti huandikwa na jumuiya ya wahandisi iitwayo IETF, iliyoanza mwaka 1986. Haina viti vya nchi wala upigaji kura. Mtu hushiriki kwa jina lake, rasimu hujadiliwa hadharani kwa barua pepe, na maandishi yanayopitishwa hutolewa bure kwa yeyote. Huitwa RFC na huhesabiwa kwa namba. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, Aprili 1969. Wana desturi ya miaka mingi: mkutano ukitaka kupima maoni ya ukumbi, msimamizi huwaomba wanaoafiki watoe sauti kwa midomo iliyofumbwa, kisha wanaopinga nao wafanye hivyo, na yeye husikiliza upande upi una uzito.

Mwaka 1996, serikali kadhaa zilipotaka usimbaji uwe dhaifu au nakala za funguo zikabidhiwe kwao, uongozi wa jumuiya hiyo ulitoa tamko la kupinga, na kwa makusudi ukalipa namba 1984, kuikumbuka riwaya ya George Orwell yenye jina hilo. Mwaka 2000 waliulizwa kama waweke njia za kunasa mawasiliano ndani ya viwango vyao. Walikataa. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilichukua njia nyingine, na ndiyo maana mitandao ya simu ina sehemu rasmi ya kunasa mawasiliano iliyojengwa ndani yake. Ulinzi pekee uliobaki hapo ni mahakama za nchi husika.

Kisha ukaja Juni 2013, na nyaraka alizovujisha Edward Snowden zikaonyesha jinsi majasusi wa Marekani na Uingereza walivyokuwa wakichota mawasiliano kutoka kwenye nyaya kuu za dunia. Wahandisi walikutana Vancouver mwezi Novemba mwaka huohuo, na sauti za midomo iliyofumbwa zikaegemea upande mmoja kwa nguvu. Mei 2014 ikatoka RFC 7258, hati fupi inayosema kwamba ufuatiliaji wa mkupuo ni shambulio, na kwamba kila kiwango kipya kibuniwe kwa namna ya kulipunguza pale inapowezekana. Haisemi shambulio la nchi gani. Kwa mhandisi, anayesikiliza mawasiliano ya watu wote ni mshambuliaji hata akiwa na kibali.

Msimamo huo ulijaribiwa mapema. Kiwango kinachotoa alama ya kufuli kwenye kivinjari chako kinaitwa TLS, na toleo lake la 1.3 likiwa bado rasimu, mwaka 2016, sauti kutoka sekta ya benki ya Marekani iliomba njia moja ya zamani ya kubadilishana funguo ibakishwe. Sababu yao haikuwa mbaya: benki hutakiwa kukagua mawasiliano ndani ya kompyuta zake ili kunasa wizi. Tatizo ni kwamba njia ileile inayoiruhusu benki kufungua mawasiliano yake baadaye humruhusu yeyote atakayeupata ufunguo kufungua kila kitu alichorekodi miaka ya nyuma. Mjadala ulikuwa mkali, ombi likakataliwa, na TLS 1.3 ikatoka Agosti 2018 baada ya rasimu 28. ETSI nayo ikachapisha toleo lake lenye njia nyingine ya kufikia lengo lilelile lililokataliwa. Naamini waliokataa walikuwa sahihi. Benki moja inaweza kutafuta namna nyingine ya kukagua seva zake; mtu aliyerekodiwa leo na kufunguliwa miaka kumi baadaye hana pa kukimbilia.

Lakini kufuli hilo halifuniki kila kitu. Kabla kivinjari hakijafika kwenye tovuti huuliza anwani yake kwa mfumo uitwao DNS, na kiwango cha mfumo huo kinachotumika hadi leo kiliandikwa mwaka 1987 bila usimbaji wowote. Ni sawa na abiria wa daladala anayemtajia kondakta kituo kwa sauti: atakachokwenda kufanya huko hawakijui, lakini basi zima limesikia anashuka wapi. Jina la tovuti ya kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, la chama cha siasa, la kanisa au msikiti fulani, la shirika linalowasaidia wanawake waliopigwa, linatosha kumweleza mtu bila kusoma neno hata moja aliloandika. Na hapohapo kwenye jina ndipo tovuti nyingi hufungiwa: kampuni ya intaneti hupewa orodha, ukiuliza jina lililomo unapewa jibu la uongo au hupewi kabisa.

Viwango vya kusimba swali hilo vilitoka mwaka 2016 na 2018, na Android imekuwa na kimojawapo tangu toleo la 9. Fungua mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, utafute DNS ya faragha. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika kwa mfano dns.quad9.net, la taasisi isiyo ya kibiashara iliyosajiliwa Uswisi. Hifadhi. Kuanzia hapo maswali ya simu yako yatakwenda huko yakiwa yamesimbwa, na hulipii chochote. Baadhi ya mitandao ya ofisi na hoteli huikataa njia hiyo na simu itakosa intaneti. Ukiwa huko irudishe ilivyokuwa, ukitoka uiweke tena. Kwenye iPhone huhitajika programu au faili ya mipangilio kutoka kwa mtoa huduma, na kwenye kompyuta Firefox na Chrome wana sehemu hiyo ndani ya mipangilio ya faragha.

Ujue pia umefanya nini hasa. Umehamisha imani yako kutoka kwa kampuni ya intaneti ya nyumbani kwenda kwa mwenye seva uliyoichagua, ambaye sasa ndiye anayeyaona majina. Kwa mtu mwenye hofu na serikali yake hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mzazi aliyekuwa anategemea kampuni ya intaneti iwazuilie watoto tovuti chafu, kizuizi hicho kinaweza kupitwa. Ubishi huu ulikuwa mkali Uingereza mwaka 2019 kiasi kwamba chama cha watoa huduma wa intaneti, ISPA, kiliiweka Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwenye orodha yake ya wahalifu wa intaneti wa mwaka, kisha kikaiondoa baada ya kulaumiwa. Pande zote mbili zilikuwa zinagusa haki ya kweli. Mimi nasimama na usimbaji, kwa sababu mzazi ana njia nyingine za kuweka kizuizi kwenye kifaa cha mwanawe, ilhali raia hana njia ya kuyafumba maswali ambayo kiwango kimeyaacha wazi.

Jina la tovuti huvuja mara ya pili pia, wakati kivinjari kinapoanza kusalimiana na seva, kabla usimbaji haujakamilika. Kiwango cha kuziba mwanya huo kinaitwa ECH, na Chrome na Firefox walianza kukitumia mwaka 2023. Hufanya kazi pale tu tovuti nayo inapokikubali, kwa hiyo mwenye tovuti ya shirika, gazeti au zahanati ana la kumwuliza fundi wake: je, tovuti yetu inatumia TLS 1.3, na je, ECH imewashwa?

Kwenye Wi-Fi habari ni fupi. Kila kifaa kina anwani ya MAC, na zamani simu iliitaja ileile kila mahali ilipotafuta mtandao, kwa hiyo duka, hoteli au uwanja wa ndege uliweza kuitambua ikirudi. Tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Angalia tu kwamba hujaizima.

Kuna haki nyingine isiyohusu siri. Muungano wa W3C, unaoandika viwango vya kurasa za wavuti, una mwongozo uitwao WCAG unaoeleza namna ya kutengeneza tovuti ambayo mtu asiyeona anaweza kuisikiliza kwa programu ya kusoma kwa sauti. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kwetu mwongozo huu huvunjwa kila siku bila mtu kuona. Tangazo la ajira, majina ya waliochaguliwa kujiunga na chuo, au ratiba ya chanjo hupigwa picha, likawekwa mtandaoni na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Programu ya kusoma inapofika hapo husema "picha" na kuendelea. Kijana asiyeona mwenye shahada ameikosa kazi kwa sababu mtu alipiga picha karatasi badala ya kuandika maneno. Kurekebisha hakugharimu chochote: andika maandishi yenyewe chini ya picha. Ukiwa karani, mwalimu, mwenyekiti wa kikundi au mhariri wa ukurasa, hili unaweza kulifanya leo mchana.

Mahali ambapo viwango havisaidii sana ni pale intaneti inapozimwa yote. Kongo (DRC) ilizima tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, Uganda Januari 2021, Tanzania Oktoba 2025, na hakuna usimbaji unaofungua waya uliokatwa. Kufungia tovuti mojamoja ni kitu kingine, na wakati mwingine hufurika nje ya mipaka. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan ilitaka YouTube isionekane nchini mwake, na kampuni ya simu ya huko ikatangaza kwenye mitandao njia ya uongo ya kufika YouTube. Kiwango kinachopanga njia za intaneti, BGP, kiliandikwa kwa kuaminiana, kwa hiyo mitandao ya nchi nyingine iliamini tangazo hilo, na kwa muda wa saa kama mbili YouTube ikapotea katika sehemu kubwa ya dunia. Amri ya nchi moja iliwanyamazisha watu wa nchi ambazo hazikuwahi kuitoa. Dawa ipo, inaitwa RPKI, inayomwezesha mwenye anwani kutia saini kwamba ni zake, na AFRINIC iliyoko Mauritius huitoa kwa mitandao ya Afrika. Chuo kikuu, benki au wizara yenye anwani zake inapaswa kuwa imeshatia saini.

Tovuti ikikataa kufunguka, usikimbilie kusema imefungiwa. Jaribu kwa laini ya kampuni nyingine, na kwa Wi-Fi ya mahali pengine. Tangu mwaka 2016 kuna namba rasmi, 451, ambayo seva inaweza kuionyesha kukueleza kwamba ukurasa umezuiwa kwa sababu za kisheria. Aliyeipendekeza, Tim Bray, aliitoa kwenye jina la riwaya ya Ray Bradbury ya uchomaji wa vitabu. Wazuiaji wengi hawaionyeshi, wanakuacha na duara linalozunguka. Programu ya OONI Probe hupima kama tovuti zimezuiwa na kuweka matokeo hadharani, na imewasaidia watafiti wengi kuthibitisha ufungaji. Lakini inapopima hujaribu kufungua tovuti zilizokatazwa kupitia simu yako, kwa hiyo fikiria kwanza mahali ulipo. VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamesimbwa kupitia seva ya kwingine, nayo ina masharti: TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaoitumia Tanzania watoe taarifa zao kwa mamlaka hiyo. Soma sheria ya nchi uliyopo kabla ya kuiweka.

Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali mwaka 2012 kwamba haki alizonazo mtu nje ya mtandao ndizo alizonazo ndani yake, na mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja huo ikatoa ripoti kuhusu viwango vya kiufundi hasa. Upande wa wahandisi, kikundi cha utafiti kilichoundwa mwaka 2015 kilizaa RFC 8280 ya Oktoba 2017, iliyoandikwa na Niels ten Oever na Corinne Cath. Ndani yake kuna maswali ambayo kila mbunifu wa kiwango anahimizwa kujiuliza: je, hiki kinamtambulisha mtu bila lazima? Je, kinamrahisishia mtu wa katikati kuchuja? Je, mtu wa lugha yoyote anaweza kukitumia? Swali jingine linafaa kila mtaa: je, kinafanya kazi pale mtandao unapokuwa dhaifu na wa polepole? Mwongozo mpya zaidi ulitoka mwaka 2024. Na RFC 8890 ya mwaka 2020 inasema wazi kwamba maslahi ya watumiaji wa kawaida yakigongana na ya wengine, ya watumiaji yatangulie.

Maneno hayo ni mazuri, ila anayeyatafsiri ni aliyepo. Kufikia mwaka 2024 mkutano mkuu wa IETF ulikuwa haujawahi kufanyika katika nchi yoyote ya Afrika, na wengi wa wanaojitokeza ni waajiriwa wa kampuni kubwa za Marekani na Ulaya na za China. Mlango hata hivyo uko wazi kweli. Kujiunga na majadiliano ya barua pepe ni bure, huhitaji barua ya mwajiri, na wanaohudhuria kwa njia ya mtandao wanaweza kuomba msamaha wa ada. Matawi ya Jumuiya ya Intaneti (Internet Society) yapo Kenya, Tanzania na Uganda, na huwasaidia wanaoanza. Kwenye viwango vya simu na vya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanaokwenda ni wajumbe wa serikali na kampuni, kwa hiyo huko raia hupita kwa mamlaka yake ya mawasiliano: andika barua uulize nchi yetu ilipeleka nani, na alitetea nini. Tanzania na Kenya sasa zina sheria na tume au ofisi za ulinzi wa taarifa binafsi, nazo zinaweza kuulizwa swali hilohilo.

Si lazima uwe fundi wa kompyuta ili mchango wako uwe na maana. Viwango vingi vya usalama hudhani kila simu ina mwenye mmoja. Katika nyumba nyingi za kwetu simu moja hutumiwa na mama, mtoto wa sekondari na mjomba aliyekuja mjini kutafuta kazi, na kiwango kinachotuma namba ya siri kwenye skrini iliyofungwa, au kinachomwarifu "mwenye simu" kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti, kinaweza kumfichua binti aliyekuwa anatafuta msaada kimyakimya. Mtu anayeijua nyumba hiyo akiandika aya mbili kuielezea wakati rasimu bado iko wazi, wahandisi wanalazimika kuzijibu kabla ya rasimu kupita.